Mpaka wa manispaa umempeleka binti yangu shule ya mbali, ya jirani tunaisikia kengele yake. Nani anachora mistari hii?

KiguuNaNjia (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Tangu majina ya kidato cha kwanza cha 2025 yatoke, mtaani kwetu hakuna stori nyingine, kwa hiyo naamini hili si langu peke yangu.

Nakaa Dar, karibu kabisa na mstari unaotenganisha manispaa mbili. Sitaji zipi wala shule zipi, sikuja kumchongea mtu. Nyuma ya nyumba yetu kuna uchochoro, halafu mtaro, halafu ukuta wa sekondari ya kata. Kengele yao ni rimu ya lori imetundikwa kwenye mwembe. Ikigongwa ya asubuhi, mke wangu anajua amechelewa kuinjika chai. Tumeishi na kengele hiyo miaka tisa. Binti alipofaulu darasa la saba tukasema huyu atakuwa anamalizia chai yake huku wenzake wanaingia mstarini.

Kapangiwa shule nyingine, ng'ambo ya barabara kuu. Nimeuliza, nikajibiwa kwa upole kabisa: mzee, mtaro ule ndio mpaka. Ng'ambo ya mtaro si kwenu.

Jumamosi tukatoka mimi na yeye, simu mkononi inahesabu. Shule ya jirani, kupitia kidaraja cha mbao pale kwa mama wa mihogo: dakika sita, tena tulisimama kusalimia. Shule aliyopangiwa: dakika kumi na nne hadi kituoni, daladala ya kwanza, kushuka, kuvuka barabara ambayo rangi ya kivuko imebaki mistari miwili tu, kisha daladala ya pili. Jumla saa moja na dakika kumi na tano. Hiyo ni Jumamosi, hakuna foleni, na konda hakumkataa kwa sababu nilikuwa nimemshika mkono.

Siku za shule itabidi atoke saa kumi na moja kasoro alfajiri. Ana miaka kumi na tatu.

Sigombani na mwalimu wala ofisi. Nauliza tu: mistari hii inachorwa na nani, kwa kutumia nini, na je, huwa inafutwa?

Mrundikano

Naweka kiti hapa, wajuzi waje. Mod usiuunganishe uzi huu na ule wa michango ya shule, ni mambo mawili tofauti.

MzeeWaKwaMguu

Sisi tulitembea kilomita nane kwenda na nane kurudi, pekupeku, na leo tunalipa kodi. Watoto wa siku hizi mnawalea kama mayai.

BintiPwani

Mzee shikamoo. Kilomita zako nane zilikuwa za njia ya mashamba, ukikutana na mtu ni baba mdogo wako. Huyu mtoto anasimama kituoni gizani, anakutana na bodaboda anayesema "panda dogo, nitakufikisha bure". Bure hiyo tunaijua inaishia wapi.

ChakiNyeupe

Marahaba kwa wote. Mimi ni mwalimu, nimekaa pia kwenye kamati za kupanga wanafunzi, kwa hiyo nitajibu kwa urefu kidogo. Mkuu KiguuNaNjia, umeuliza swali zuri ila kuna jambo umelikosa, na wazazi wengi hulikosa.

Anayepangiwa shule si mtoto wako. Inayopangiwa ni shule ya msingi aliyomalizia. Kwa shule za kutwa, halmashauri inachukua shule zake za msingi, inaangalia sekondari zake, inasema: waliomaliza hapa waende pale. Mtoto anafuata mkondo. Nyumba yako iko wapi, mfumo hauulizi. Mtu anaweza kukaa Chanika na mtoto kasoma msingi Ilala kwa shangazi, akapangiwa kutokea Ilala.

Sasa mkondo huo unafuata kata na halmashauri, na hilo lina historia. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulianza 2004, na Lowassa alipokuwa Waziri Mkuu, mwisho wa 2005 hadi mwanzoni mwa 2008, ukasukumwa kwa nguvu: kila kata iwe na sekondari yake. Wananchi walichangishwa. Kuna wazee wanaonyesha madarasa wakisema "ukuta ule una mifuko yangu miwili ya saruji". Mtu wa hivyo ukimwambia mjukuu wake akose nafasi ili aingie mtoto wa kata jirani, jiandae kwa kikao kirefu.

Ukaja mwaka 2016, elimu bila malipo. Ada ya sekondari ya kutwa ilikuwa 20,000 kwa mwaka, ikaondoka. Shule za msingi zikafurika mwaka uleule, na furiko hilo limepanda darasa kwa darasa hadi sekondari. Kuanzia Januari 2022, baada ya ile kampeni ya madarasa ya fedha za UVIKO, waliofaulu wote wanapangiwa kwa mkupuo mmoja, hakuna tena kusubiri awamu ya pili. Ni jambo jema, ila lina upande wa pili: zamani msongamano ulionekana kwa watoto kubaki nyumbani. Leo unaonekana kwa watoto kupelekwa mbali, kokote penye dawati.

Nani anachora? Kata zimechorwa kwa ajili ya diwani. Manispaa zimechorwa kwa ajili ya utawala na mapato. Shule imepanda lifti ya watu wengine.

KiguuNaNjia

Mwalimu, hiyo ya lifti nimeielewa. Kwa hiyo mtaro wangu ulikuwa wa kugawa kura, na mwanangu akajikuta ndani yake.

Mrundikano

Niongezee mfano. Kabla ya 2016 Sinza na Kijitonyama zote zilikuwa Manispaa ya Kinondoni. Manzese na Tandale vilevile. Ikazaliwa Ubungo: Sinza na Manzese zikaenda Ubungo, Kijitonyama na Tandale zikabaki Kinondoni. Kigamboni nayo ikatoka Temeke. Nyumba hazikuhama hata hatua moja, lakini kwenye makaratasi majirani wakawa watu wa halmashauri mbili, maafisa elimu wawili, bajeti mbili. Mtu wa Manzese anayechungulia Tandale dirishani, kiutawala ni kama anachungulia wilaya nyingine. Na kweli ni wilaya nyingine.

KondaMstaafu

Nisikilizeni na mimi, nimepigia debe gari miaka kumi na moja. Mnawalaumu makonda, na lawama nyingine ni za haki. Lakini hesabu ni hii: mwanafunzi analipa mia mbili, mtu mzima mia sita kwa ruti fupi. Wanafunzi watatu wanakalia siti tatu, wanaleta pesa ya kichwa kimoja. Jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, hajali ulibeba nani. Ndiyo maana saa kumi na mbili asubuhi gari linasimama mita hamsini mbele ya kituo, watu wazima wakimbie, watoto wabaki.

Kwa hiyo ofisi inapompangia mtoto shule ya daladala mbili, wanapanga na mimi bila kuniuliza. Ruti ile ina magari mangapi saa hiyo? Yanaanzia wapi, yanafika pale yakiwa yamejaa au matupu? Hakuna aliyewahi kuja kituoni na daftari. Wangekuja ningewaambia bure kabisa.

BintiPwani

Konda wewe leo umeongea kama waziri.

MzeeWaKwaMguu

Hapo kwenye mita hamsini nimekumbuka, nimewahi kuona katoto kamekimbia gari kakaanguka na daftari zote kwenye dimbwi. Naondoa kauli ya mayai. Ya kutembea siondoi.

ChakiNyeupe

Konda amegusa penyewe. Tunapopanga tunaangalia safu mbili: idadi ya waliofaulu na idadi ya nafasi. Safu ya tatu, ya njia, haipo.

Ila nimkabe kidogo mwanzisha uzi. Tuseme mtaro unafutwa, kila mzazi achague shule ya karibu. Kwanza wazazi hawachagui ya karibu, wanachagua yenye jina. Nimeona shule mbili zimeachana kwa umbali wa kupiga kelele. Moja ina watoto zaidi ya mia kwenye chumba, nyingine madawati yanakusanya vumbi, kwa sababu miaka michache nyuma ile ya kwanza ilitoa ufaulu ukaandikwa gazetini. Mwongozo unataka watoto 40 kwa darasa la sekondari, 45 msingi. Huwezi kuufikia kwa kumwachia kila mtu mlango.

Pili, ruzuku inafuata kichwa: 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi, 25,000 kwa wa sekondari. Shule ikipoteza watoto mia mbili imepoteza milioni tano za chaki, karatasi na mitihani. Na umeme wake haupungui bili. Mkuu wa shule anayekataa mtaa fulani uhamishwe kutoka kwake usimwite mchoyo, anatetea bajeti.

KiguuNaNjia

Mwalimu, sijaomba kila mtu achague. Naogopa hilo kuliko wewe, maana wenye magari na simu za wakubwa ndio watachagua, sisi tutabakishiwa. Nataka mstari ubaki, ila uchorwe na mtu aliyeutembea. Kuna mitaa mitatu huku kwetu ambayo ukiihamishia ng'ambo ya mtaro kwa ajili ya shule tu, diwani abaki na kura zake, watoto wote wanaenda kwa miguu. Na mitaa miwili ya ng'ambo, iliyo karibu na barabara kuu, ije huku. Nimehesabu kwa macho, lakini idadi inakaribiana.

PwaguNaPwaguzi

Mnajisumbua. Mpaka unavukwa kwa barua. Unakwenda kwa mjumbe wa mtaa unaoutaka, unapata utambulisho kwamba mtoto anaishi kwa "mjomba", unamwandikisha darasa la kwanza upande wa pili, miaka saba baadaye anaingia mkondo mzuri bila kelele. Mtaani kwetu kuna mjomba mmoja ana watoto wa dada thelathini na kitu. Dada zake wote wanaendesha Noah.

BintiPwani

Huyo mjomba apewe shule yake mwenyewe, ameshafikisha mkondo.

ChakiNyeupe

Tunacheka ila hilo ndilo linaloharibu hesabu zetu. Kwenye daftari la mtaa A kuna watoto ambao usiku wanalala mtaa D. Ukihamisha mtaa A unahamisha vivuli.

NyarugusuZamani

Salamu kutoka Louisville, Kentucky. Mimi ni Mkongomani, nilikaa kambi ya Nyarugusu Kigoma miaka mingi, ndiyo maana Kiswahili changu kimechanganya. Huku tuko wengi, ukiingia duka la Waafrika unasikia Kiswahili kabla ya Kiingereza.

Nawaletea stori ya mji huu kwa sababu wamechora na kufuta mipaka ya shule kwa miaka hamsini, na mahakama imeingia kati.

Mwaka 1975 mahakama ya shirikisho iliamuru weusi na weupe wasome pamoja. Shule za jiji na za kaunti zikaunganishwa mwaka huohuo, watoto wakaanza kusafirishwa kwa mabasi kuvuka mji. Nani apande basi mwaka gani? Waliamua kwa herufi ya kwanza ya jina la ukoo! Lakini tazameni mzigo ulivyogawiwa: mtoto mweupe alisafirishwa kama miaka miwili kati ya kumi na miwili, mtoto mweusi wa upande wa magharibi, wanakokaa weusi wengi, minane hadi kumi. Lengo lilikuwa jema, ila gharama ya lengo ikalala upande mmoja. Weupe waliandamana, mabasi yakapigwa mawe. Watoto weusi walibaki na safari.

Amri ya mahakama iliondolewa mwaka 2000. Wilaya ya shule iliendelea kuchanganya watoto kwa hiari yake, mzazi mmoja akashtaki, na mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura tano kwa nne, ikasema huwezi kumpangia mtoto mmojammoja shule kwa kuangalia rangi yake. Wakatafuta njia nyingine, kuangalia kipato na elimu ya wazazi wa eneo zima. Mwaka 2022 bodi ikapitisha mpango mpya: familia za magharibi zipewe uchaguzi, shule ya karibu na nyumbani au ile ya mbali.

Kwenye karatasi ulikuwa mpango mzuri. Ulipoanza, 9 Agosti 2023, walikuwa pia wamebadilisha saa za kufungua shule, na ruti za mabasi wamezipunguza kwa programu ya kompyuta kwa sababu madereva hawakutosha. Siku ile ya kwanza mtoto wa mwisho alifika nyumbani karibu saa nne usiku. Shule zikafungwa zaidi ya wiki. Mwaka uliofuata, shule nyingi za michepuo maalum zikanyimwa mabasi kabisa: ukitaka mtoto asome huko, mpeleke mwenyewe.

Wangu wanakwenda kwa mguu, tulipanga nyumba kwa kuangalia hilo. Jioni ile nilikuwa kibarazani naona mabasi ya njano yanapita tupu, yanarudi, yanapita tena, dereva anasoma namba za nyumba.

Hapo ndipo nilipoelewa: mwenye ramani na mwenye basi walikuwa hawajakaa meza moja.

KondaMstaafu

Si ndiyo hayo niliyosema? Na hao wana mabasi ya serikali!

Kanairo254

Nairobi hapa. Sisi tulikwepa hili swali kiujanja. Mtaala mpya ulipofikia sekondari ya chini, Gredi ya 7 ya kwanza Januari 2023 ikaachwa palepale shule ya msingi, hakuna kuhama. Wazazi tulifurahi, mtoto bado anarudi lunch nyumbani. Lakini tumeahirisha tu. Hao watoto watafika Gredi ya 10 mwaka 2026, na hapo ndipo kila mtu atauliza mpaka uko wapi. Endeleeni, tunasoma tukijiandaa.

Mrundikano

Kanairo umenikumbusha, na sijui kwa nini hatulisemi kwa sauti. Kwa mtaala wetu mpya elimu ya msingi inaishia darasa la sita. Walioanza nao darasa la tatu 2024 watamaliza la sita 2027, sambamba na darasa la saba la mwisho la mfumo wa zamani. Januari 2028 watoto wa madarasa mawili, la sita na la saba, wanaingia kidato cha kwanza kwa mlango mmoja.

Sasa chukua sekondari ambayo leo imejaa, chukua mkondo wa leo uleule, mwagia watoto mara mbili. Madarasa yatajengwa, sina wasiwasi, tumeshaona madarasa yakijengwa kwa miezi. Yatajengwa wapi? Mjini yatajengwa palipo na kiwanja, na kiwanja kiko pembezoni. Watoto wako katikati. Kwa hiyo mtaro wa huyu bwana utazaa mitaro mingine.

ChakiNyeupe

Ndiyo hesabu inayonikosesha usingizi. Nitawaambia nilivyoona inafanyika vizuri, mara moja, na si Dar. Shule ya msingi ilizidiwa, ikajengwa shule shikizi kama kilomita mbili hivi. Kawaida shikizi inakaa chini ya shule mama mpaka isajiliwe, halafu ndipo watu wanaanza kugombania nani aende. Pale mratibu elimu kata alianza na kutembea. Alichukua wenyeviti wa vitongoji na mama wawili wa kamati ya shule, wakapita na njia za watoto asubuhi ya mvua, si ya kiangazi. Waligundua korongo moja ambalo kwenye ramani halipo, na mvua ikinyesha halivukiki. Mpaka ukahamia kwenye korongo.

Kisha wakafanya mambo mawili yaliyookoa amani. Walioko darasa la tano kwenda juu hawakuguswa, wamalizie walipoanza. Na ndugu hawakutenganishwa: kama kaka amebaki, mdogo aliruhusiwa kubaki. Shule mpya ikaanza na madarasa ya chini, ikakua yenyewe. Kelele zilikuwepo, ila za wiki mbili.

BintiPwani

Mbona mijini wanagawa shule ndani ya uzio uleule? Unakuta geti moja, vibao vitatu, walimu wakuu watatu, choo kilekile. Watoto wamepungua kwenye karatasi tu.

ChakiNyeupe

Inasaidia uongozi, mwalimu mkuu mmoja hawezi kusimamia maelfu. Safari ya mtoto haipungui hata hatua.

MzeeWaKwaMguu

Sasa huyu binti afanyeje Jumatatu? Tumeongea Marekani na Nairobi, mtoto bado yuko kituoni.

ChakiNyeupe

Aripoti kwanza alikopangiwa, asipoteze nafasi. Akishasajiliwa, mzazi aombe uhamisho: barua kupitia kwa mkuu wa shule anakotoka, mkuu wa anakokwenda aandike kama nafasi ipo, kisha ofisi za elimu. Kwa kuwa ni halmashauri mbili, barua itapita meza nyingi, iende na miguu yako, usiiache isafiri peke yake. Umbali ni sababu inayoeleweka. Andika dakika zile ulizopima, na daladala mbili. Usiandike "shule hii haifai", utakuwa umemtukana mtu anayetakiwa kukusainia.

KiguuNaNjia

Nashukuru sana mwalimu.

KiguuNaNjia

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Binti aliripoti. Siku ya kwanza nilimsindikiza, ya pili akapanda na wenzake wanne wa mtaani, wanatoka pamoja na tochi ya simu moja. Siku mbili kachelewa kwa sababu ya gari. Barua ya uhamisho imefika meza ya tatu. Mkuu wa shule ya jirani alinipokea vizuri, akanitembeza madarasani nione mwenyewe: chumba kimoja kina watoto 71. Akaniambia "mzee nikikuandikia nafasi ipo, kesho nitapokea barua arobaini za mtaa wako". Nikamwambia mitaa miwili ya barabarani ikitoka kwake atapumua. Akacheka, akasema hilo halimo kwenye uwezo wake, ila akaniandikia nafasi ipo kwa mmoja.

Kwa hiyo wangu huenda akavuka mtaro, wale wanne wakabaki na tochi. Sijafurahi kama nilivyotarajia. Tumekubaliana wazazi watano na mwenyekiti wa mtaa kupeleka ombi la mitaa yote mitatu kwa pamoja, na mratibu elimu wa kata yetu amekubali kutembea nasi Jumanne saa kumi na moja alfajiri. Konda mstaafu, kama uko Dar, njoo na daftari.

KondaMstaafu

Nitakuwepo. Niambie kituo gani kwa ujumbe wa pembeni.

Mrundikano

Una mwingine nyuma ya huyo?

KiguuNaNjia

Ninaye. Wa kiume, yuko darasa la nne.

Mrundikano

Yaani anamaliza 2027.

KiguuNaNjia

Ndiyo hao hao.